Barua Niliyomsomea Bibi Mara Tatu

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kwa fundi cherehani hapa mjini Songea kuchukua sare yake ya shule. Fundi alipoikung'uta ile kaptula mpya, harufu ya wanga wa kitambaa ikanipanda puani, nikalazimika kukaa kwenye benchi lake. Mjukuu akauliza kama naumwa. Nikasema ni jua. Ningemwelezaje, mbele ya fundi na wateja wake, kwamba harufu ile inaninyima raha tangu enzi za Mjerumani, na kwamba mzee mzima kama mimi, niliyestaafu ukarani kwa heshima zangu, bado naogopa nguo mpya? Nyinyi ndio nawaambia, na msinicheke.

Siku tuliyomaliza shule tulipewa kanzu za merikani, kitambaa kile cheupe cha pamba, kila mtu yake, ngumu kama ngozi iliyoanikwa na zenye harufu ile ile ya wanga. Tulikuwa sita. Tulikuwa tumekaa miaka minne katika shule ya serikali pale Songea, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwa hiari yake.

Mwaka niliozaliwa siujui. Ninachojua ni kwamba vita vya Maji Maji vilinikuta mtoto wa kuchunga mbuzi, na vilipokwisha sikuwa na mbuzi, wala baba, wala mama. Askari wa Mjerumani walikuja kumkamata baba nyumbani kwetu, ng'ambo ya mto Hanga, wakampeleka kwenye kambi yao ya vitani, wakamhukumu na kumnyonga. Mama aliondoka na njaa iliyofuata, maghala yalipokwisha kuchomwa na watu tukabaki kuchimba ming'oko na mizizi mingine ya porini ambayo hata nguruwe huifikiria mara mbili. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenibakiza hai. Sijui alitumia nini. Nadhani ubishi tu.

Jumbe, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alipokuja kutafuta watoto wa kupeleka shule, wenzake Bibi waliwaficha wa kwao vichakani. Yeye akaninawisha uso, akanishika mkono, akanikabidhi.

"Kule wanalishwa," aliniambia. "Kula."

Hayo ndiyo maagizo yote niliyopewa. Yeye mwenyewe Songea hakukanyaga. Neno boma, ile ngome ya serikali pale Songea, halikumtoka mdomoni hata siku moja, alisema "kule" basi, na akishasema "kule" anatazama pembeni. Mimi nikajua, kama mtoto anavyojua mambo ya nyumbani kwao bila kuambiwa, kwamba boma ndilo lililotuma askari likamla mwanawe na kwamba halitasamehewa.

Mwalimu wetu, Mwalimu Bakari, alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa kwetu bila kuambiwa habari za baridi. Mwezi wa sita alifundisha amejifunika blanketi, fimbo ikichomoza pembeni. Kiswahili chetu kilimtia uchungu. Alisema tunakiongea kama watu wanaotafuna mahindi ya kuchoma, na hakukosea sana, maana kila mtu alikuwa na lugha ya kwao na Kiswahili tulikivaa tukifika darasani. Tuliandika kwenye vibao vya jiwe jeusi na kufuta kwa mate na kiwiko. Kiwiko changu cha kulia kilikuwa na sugu. Karatasi tuliiona kwa mbali, mkononi mwa mwalimu, na aliizungumzia kwa sauti ya chini.

"Kibao kinafutika," alikuwa akisema. "Karatasi ukishaiandika, leo inasema hivi, kesho inasema hivi hivi, na wewe ukifa itaendelea kusema hivyo hivyo."

Nilipokwenda nyumbani kusaidia mavuno nilimpelekea Bibi maneno hayo, nikijidai. Alinitaka niyarudie. Nikayarudia. Alitikisa kichwa polepole, akaendelea kupepeta ulezi wake.

Mwezi wa mwisho wa shule tulikaa nyuma ya jiko tukipukuchua mahindi na kupiga soga za maisha yajayo. Mwenzetu Salumu, Myao wa kule Nalasi, alitaka uaskari, na hakuficha kwamba alichotaka hasa ni viatu. Nyoni, rafiki yangu wa karibu, alitaka kuwa mwalimu ili ashike fimbo kwa upande wa pili. Alikuwa amechapwa sana Nyoni, nami nilimwelewa. Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu wenye roho juu. Vita tulikuwa tumeviona kwa macho yetu, tena si zamani. Nani angetuambia havirudi? Na vikirudi, sisi tuliolishwa na serikali miaka minne tungesimama upande gani? Tulipukuchua mahindi.

Walipouliza mimi nataka nini nikasema kulima. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimemchungulia karani wa boma dirishani, nikamwona anachovya kalamu, anaikung'uta kidogo, anaandika, na watu wazima wamesimama kimya wakingoja amalize. Niliitaka ile meza kama watoto wengine wanavyotaka asali. Ila ningemwambia nani? Mtoto wa mtu aliyenyongwa, anatamani meza ya hao hao walionyonga.

Siku mbili baadaye Bwana Mkubwa wa boma alikuja, akakagua mwandiko wetu bila kuketi, akaacha orodha. Mwalimu akaisoma. Nyoni alipelekwa Madaba kusaidia kufundisha. Salumu akapangiwa kutunza stoo, akanuna siku nzima. Mimi nikaambiwa: karani mdogo, bomani Songea. Nasema kweli, nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Pumzi ya pili nikamwona Bibi moyoni mwangu, anatazama pembeni.

Kisha, siku ya kumaliza, mwalimu akatugawia karatasi, moja kila mtu, tuwaandikie watu wa nyumbani barua ya kumaliza shule: tumejifunza nini, tutakuwa nani, tunashukuru. Tuliandika ulimi nje. Tulipomaliza, Nyoni akauliza nani atazipeleka. Mwalimu akafikiri. Akauliza nyumbani kwetu nani anajua kusoma. Tukatazamana. Mtu wa pwani yule, alikuwa amesahau kabisa kwamba sisi sita ndio wasomaji wote wa nchi ile. Basi ikaamuliwa kila mtu aibebe barua yake mwenyewe, afike nayo kwao, asimame, awasomee.

Nilitembea siku moja na nusu na karatasi ile ndani ya kanzu, kifuani. Kila nikipiga hatua inanikwaruza. Niliandaa maneno ya kumwambia Bibi, nikayaandaa tena, nikayatupa mtoni. Nilichoogopa ni kimoja: kwamba angeninyima radhi. Sikuwa na mtu mwingine duniani. Akisema sikutambui, ningekuwa mtoto wa nani?

Nilifika asubuhi. Majirani walikuwa tayari wamekusanyika uani, kina mama kwa wazee, jambo lililonishangaza kwa sababu sikuwa nimetuma habari. Bibi alikaa juu ya mkeka, ungo magotini. Shangazi yangu, dada yake baba, alisimama nyuma yake. Nikapiga magoti, nikaamkia, nikasimama, nikaifungua barua. Macho yangu yaliona wazi kabisa "nitakuwa karani bomani". Mdomo wangu ukasema nitakuwa mwalimu, nitafundisha watoto hapa hapa karibu na Hanga, na kila jioni nitamtekea Bibi maji.

Kina mama walitazamana, wakamtazama Bibi, ndipo wakapiga vigelegele, hafifu. Nikadhani wameguswa.

Bibi alisema, "Umesoma vizuri."

Sikulala vizuri, lakini asubuhi nilijiona mjanja. Karatasi ilikuwa yangu, kusoma kulikuwa kwangu, nani angejua? Siku ile ya pili alinikuta nachonga mpini wa jembe akaniambia, "Hebu nisomee tena." Nikaikunjua. Safari hii nikaona nitie chumvi kidogo, maana uongo ukishapita mlango wa kwanza unapenda kupambwa. Nikasoma kwamba serikali imeniahidi ng'ombe, na ng'ombe huyo nitamleta kwa Bibi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kuteka maji.

Siku ya tatu alikuwa anapepeta tena, Shangazi akitwanga pembeni. "Nisomee," alisema. Nikasoma. Nikasema ualimu, nikasema watoto, nikasema maji ya jioni, nikakunja karatasi.

Bibi akaweka ungo chini.

"Ng'ombe yuko wapi?" akauliza.

"Ng'ombe gani, Bibi?"

"Wa jana. Juzi hakuwepo, jana alikuwepo, leo hayupo. Juzi ulisema utafundisha watoto hapa hapa karibu na Hanga. Jana ukasema watoto wa ng'ambo na wa huku. Leo umesema watoto, basi." Akanisomea barua zangu zote tatu, ndugu zangu, neno kwa neno, pamoja na mahali nilipovuta pumzi. Mtu asiyejua kusoma huwa anasikia kwa namna ambayo sisi tumeisahau. "Wewe mwenyewe uliniambia karatasi leo inasema hivi na kesho hivi hivi. Hii yako ina ugonjwa gani?"

Mchi wa Shangazi ulikuwa umenyamaza. Nikaifungua, na kwa mara ya kwanza nikasoma kilichokuwamo: nimejifunza kusoma na kuandika na hesabu, nitakuwa karani bomani Songea, namshukuru Bibi yangu aliyenilea. Nikamaliza nikiwa nalia.

"Hayo ndiyo yaliyoandikwa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nitajuaje?"

Nimelitafuta jibu la swali lile miaka yangu yote ya kazi na sijalipata. Alichukua ungo wake, akapepeta kidogo, makapi yakaruka juu ya kanzu yangu mpya.

"Nenda kule," alisema. "Nenda ukafanye kazi. Ila usinisomee tena."

Nikaenda. Nilijua ameudhika kwa sababu ya boma, na nilijiambia atazoea. Nilikaa kwenye ile meza niliyoitamani. Kila nilipopata ruhusa nilimpelekea chumvi na kaniki, akapokea, akashukuru, akaniuliza kama nakula. Nilipojaribu kumsomea habari yoyote, hata iliyomhusu, alinyanyuka taratibu akaenda kutazama kuku. Alikufa akiwa vile vile, mwaka ambao vita vikubwa vya Wazungu vilifika kwetu na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo.

Siku ya matanga nilimwambia Shangazi lililonikaa rohoni, kwamba Bibi alikufa hajanisamehe kufanya kazi bomani. Shangazi alinitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyepotea njia.

"Bomani?" alisema. "Mjumbe wa jumbe alipita hapa wiki nzima kabla hujafika, akatuambia umechaguliwa ukarani, na siku utakayofika. Bibi yako alicheza kwa furaha. Na mguu wake ule mbovu, alicheza."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Baba alipopelekwa kambini, Bibi na Shangazi walimfuata kwa miguu. Waliruhusiwa kusimama mbali kidogo, mahali pa kusikia. Baba aliulizwa, akajibu kwa Kingoni kwamba siku ya mapigano alikuwa shambani kwake, na majirani wanajua. Karani wa kambi, kijana tu, hajaota hata ndevu, akaandika. Kisha akasimama akasoma alichoandika, na kilikuwa kingine kabisa: kwamba mtu huyu amekiri, amewaongoza wenzake. Bibi alipaza sauti kwamba mwanawe hakusema hivyo. Yule kijana akaiinua karatasi akamwonyesha.

"Imeandikwa hapa, mama. Wewe unajua kusoma?"

Shangazi akajifuta uso kwa upindo wa kaniki.

"Sasa aliposikia wewe ndiye utakayekaa kwenye meza kama ile," alisema, "alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaita watu waje wakusikie utakapofika. Aliwaambia, sasa kule atakuwepo mtu mmoja anayesoma kilichoandikwa."

Kumbe uani pale asubuhi ile walijua wote. Walikuja kusikia neno karani kutoka mdomoni mwangu, na vigelegele vyao vilikuwa vya kumstahi Bibi. Naye hakuniumbua mbele yao. Alinipa siku ya pili, akanipa na ya tatu, na kila siku nilisimama mbele yake na karatasi mkononi nikafanya kile kile alichofanya yule kijana wa kambini. Mimi niliogopa angeninyima radhi ya kwenda kwenye ile meza. Alikuwa ameshanipa, wiki nzima kabla sijafika, nami nikaimaliza yote kwa siku tatu.