Nyumba ya Bwana Shauri

Laiti ningemkatalia Shomari, binamu yangu, asubuhi ile aliponijia na chupa pana ya kioo iliyonuka siki na kuniambia kwamba samaki wangu lazima ahame. Harufu hiyo ya siki hunirudia hadi leo kila ninapopita penye achari, na kila mara nakumbuka jinsi nilivyokubali upesi.

Samaki huyo nilimnasa kwa kitunga katika dimbwi la mvua, chini kidogo ya Mwembesongo. Urefu wake ulikuwa wa kidole, mgongo wa buluu, mkia mwekundu. Ukimsogelea alitanua mapezi na kukukodolea macho, ndiyo maana tukamwita Bwana Shauri, kama alivyoitwa Mjerumani aliyeamua kesi bomani. Kitunga kilikuwa na jike lake pia, la kijivu, ambalo hatukujisumbua kulipa jina. Kazi ikawa kuwatafutia makazi. Nilianza na kibuyu, lakini nikichungulia ndani naona giza tu. Nikajaribu kifuu cha nazi. Bwana Shauri akaruka, akatua katika uji wa Shomari. Mwishowe Bibi, mama yake mama, alinipa mtungi wake wenye ufa mdomoni. Akauweka upenuni penye kivuli na kuniagiza nitie chini matope ya dimbwi lilelile.

"Mume wangu," alisema, kwa utani wa bibi na mjukuu, "paa langu linavuja tangu masika yaanze, na wewe unamjengea samaki."

"Wewe una paa, Bibi. Yeye hana hata mlango."

"Haya, ukimaliza kwake uje kwangu. Ila matope hayo usije ukayamwaga. Hawa hutoka matopeni kila mvua."

Nilidhani ni utani mwingine. Baba yake Shomari alikuwa mpishi wa Mjerumani aliyepima njia ya reli, na ile chupa aliyonijia nayo Shomari ilikuwa imebaki baada ya matango ya siki kuliwa. "Bwana Shauri gani anakaa gizani kama mfungwa?" Shomari aliniuliza. "Watu watamwonaje?" Hilo la kuonwa ndilo lililonimaliza. Tuliosha chupa, tukaijaza maji meupe, tukamhamisha dume. Mtungi tukaumimina karibu na banda la kuku, matope na jike pamoja. Kabla sijageuka, kuku walikuwa wamekwisha kufuta midomo.

Chupa tuliiweka juu ya kinu katikati ya ua, na watu wakaja. Bwana Shauri alijiona kwenye kioo, akadhani ni mpinzani, akavimba na kukigonga kioo kwa kichwa huku watoto wakipiga makofi na kupiga kelele, "Mchape, Bwana Shauri! Mchape!" Askari aliyekuwa akipita njiani alisimama.

"Nani anamchapa Bwana Shauri?"

Shomari alijificha nyuma yangu, nami sikuwa na mtu wa kujificha nyuma yake.

"Ni samaki, mwanangu," Bibi alisema bila kuacha kupepeta mchele. "Kahamia leo, nyumba ya kioo. Kama umefuata kodi ya nyumba, mdai mwenyewe."

Askari aliinama, akamtazama samaki, samaki akamvimbia. Alicheka hadi kofia ikaanguka, akaondoka, na sote tukacheka, tukaenda kula. Tulikula tukirudia maneno ya Bibi, mmoja baada ya mwingine, wakati jua likihama kutoka kwenye paa kuja juu ya kinu. Tuliporudi maji yalikuwa ya moto kama ya kunawia mgonjwa, na Bwana Shauri alielea kiubavu.

Kiangazi kilichofuata dimbwi lilifukiwa kwa udongo wa reli. Miaka mingi baadaye, karibu na Dumila, niliona madimbwi yakikauka hadi kupasuka, na mvua iliporudi samaki wa jamii hiyo wakatokea humohumo, kwa kuwa mayai yao hulala matopeni. Wale walikuwa na migongo ya kijani. Wa buluu sikuwaona tena. Wajukuu zangu leo hufuga samaki wa dukani katika kisanduku cha kioo, na huniomba niwaonyeshe mfano wa Bwana Shauri. Nina mtungi wa Bibi wenye ufa, mkavu. Kwa kutaka kutazamwa siku moja nilimpoteza yeye, jike lake, na watoto wao wote waliokuwa wamelala katika matope niliyowamwagia kuku.