Siku Nilipotangaza Habari za Marekani Mbele ya Jeneza

Mkasa huu nilitaka nife nao, lakini kwa kuwa video yenyewe imeshazunguka kwenye simu za nusu ya mtaa wetu wa Madale, afadhali niusimulie mwenyewe kabla hamjausikia kwa mtu wa kuongeza chumvi (ingawa kusema kweli huu hauhitaji chumvi). Nimeaibika mara nyingi. Nimewahi kuchanika suruali kwenye harusi ya shemeji yangu, nikiwa naongoza watu kucheza, lakini ile ilikuwa aibu yangu peke yangu na suruali yangu. Hii ya sasa wameilipia watu wengine, na ndiyo maana mpaka leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Mie ni kinyozi. Saluni yangu iko pale unapoanza kupanda kilima, na ndani nina televisheni ambayo vinyozi wenzangu wangewekea mpira, mie naweka habari za dunia, hasa za Marekani. Rais wao kasaini amri gani, mahakama imeizuia au imeiacha, nchi gani raia wake wamefungiwa viza, nani kamtukana nani bungeni, yote ninayo, na maoni yangu juu yake. Na mteja akiwa na mashine kisogoni habishani na mtu, kwa hiyo kwa miaka yote nimekuwa nikishinda kila mjadala. Wakanipa jina la Balozi, nami nikalipokea kama vile nimeapishwa. Mke wangu, Mama Salma, alishaniambia kwamba mtu anayejua ya ng'ambo yote iko siku atajikwaa kizingitini kwake, nikamjibu kuwa yeye hafuatilii siasa (msinicheke, msamaha nimeshaomba).

Basi jirani yetu Mwalimu Gervas akafariki. Mzee wa watu, mstaafu, mwenyeji wa Bukoba, na mteja wangu pekee aliyethubutu kunibishia, mashine au bila mashine. Aliacha mkewe, tunamwita Mama Deo, na watoto wawili: Agnes, anayefundisha shule ya msingi huko Tabata, na Deo, kifungua mimba, aliyekwenda Marekani kusoma kabla wazazi wake hawajahamia mtaani kwetu, na hajarudi. Katika familia yao mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, na kabla yake hakuna mkono mwingine unaotangulia. Kwa hiyo maziko yakasogezwa mbele, yakasogezwa tena, Deo anangojwa.

Katikati ya siku hizo za kungoja, Agnes akaingia saluni kwangu wakati sina mteja. Alikaa kwenye benchi, akatazama kwanza mlangoni, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Balozi, eti ni kweli mtu asiye na makaratasi akitoka kule harudi tena?"

Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema ni Deo. Viza yake ya masomo iliisha zamani, akabaki anafanya vibarua vya kujificha, akaoa huko, ana mtoto ambaye hata kutembea bado, na sasa askari wa uhamiaji wanazoa watu barabarani na mpaka kwenye milango ya kazi. Akija kumzika baba yake, ndiyo basi tena, mkewe na mtoto watabaki upande wa pili wa mlango. Na mie badala ya kumpa mtoto wa watu pole, nikakunja nne nikamweleza sera yote tangu mwanzo, amri ile na amri hii, nikahitimisha kwamba asithubutu kukanyaga ndege. Agnes akalia. Akaniomba habari hiyo iishie mle ndani, nikamwambia imeishia. Sikumuuliza mama yao anajua nini, naye hakuniambia. Nilidhani anajua, kwani mama gani asiyejua habari za mwanawe?

Kumbe yule mama aliambiwa mambo mengine. Agnes na baba yake mdogo, Mzee Festo, walimwambia Deo yuko njiani, maana yule mama ana presha na walishampeleka hospitali mara mbili tangu mumewe afariki. Mpango wao ulikuwa azikwe mzee kwanza, halafu wamwambie taratibu kwamba ndege ilichelewa, mambo mengine yafuate akishapata nguvu. Haya yote mie niliyajua nikiwa nimeshayavunja.

Siku ya maziko, ibada ikafanyika pale nyumbani, jeneza likawekwa chini ya turubai, watu wakajaa mpaka barabarani. Ukafika wakati wa salamu za rambirambi. Majirani walinichagua mie, kwa sababu mie ndiye mwenye mdomo. Mzee Festo, aliyekuwa akiongoza ratiba, aliniambia dakika mbili, akarudia, dakika mbili Balozi. Na nilikuwa nimejipanga kweli: natoa pole, nasema Mwalimu alikuwa mtu mwema, namwombea, nakaa.

Lakini nikiwa nangoja zamu, nyuma yangu mwanamume mmoja nisiyemjua akamnong'oneza mwenzake kwamba hawa watoto wakishafika huko kwa wazungu hawakumbuki hata kaburi la baba, huyu Deo naye dola zimemlevya. Mwenzake akaguna kukubali. Jamani, mie nina hasira za karibu, na kitu kinachonichoma kuliko vyote ni mtu kusema asilolijua. (Naandika hivi huku najiona kwenye kioo cha saluni.) Nikaamua nitaongeza maneno mawili tu ya kumtetea Deo. Maneno mawili.

Nikashika kipaza sauti, nikatoa pole, na ningekaa hapo tungekuwa tunaongea mengine leo. Badala yake nikasema kuna watu humu wanamlaumu mtoto wa marehemu, na wanamlaumu kwa kutojua dunia inavyokwenda. Nikaona vichwa vinainuka, na mtu aliyezoea kuongea na visogo akionyeshwa nyuso mia za watu wanaomsikiliza, jamani, analewa. Nikawaeleza Marekani ya leo si ile ya zamani. Nikawaeleza kuhusu askari wanaofunika nyuso, mahabusu, ndege zinazopakia watu kuwarudisha. Nikasema Deo hana makaratasi, na hilo si kosa la kuua, na ndiyo maana haji na hatakuja.

Mzee Festo akakohoa, nikadhani ni vumbi. Akasimama, akaninyooshea mkono apokee kipaza sauti, na mie (hili ndilo linalovunja watu mbavu wakitazama video) nikaupokea ule mkono, nikautikisa, nikamshukuru, nikaendelea. Pembeni alikuwepo dada wa kamera aliyekodiwa kurusha ibada mtandaoni ili ndugu wa mbali waone. Nikamgeukia, nikaikazia macho kamera yake, nikasema, "Deo mdogo wangu, najua unatutazama," nikautaja mji anaoishi, na kazi anayoifanya, kwa sababu Agnes alikuwa ameniambia vyote. Nikamwambia atulie huko huko, asitoke, wasije wakamkamata. Mji wenyewe sitauandika hapa, angalau hilo nimejifunza.

Mpaka hapo nilikuwa najisikia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hasa. Nilikuwa nangoja watu waseme amina.

Mama Deo alikuwa amekaa mkeka wa mbele, karibu na jeneza, na kitenge kimemfunika kichwa. Akakisogeza nyuma. Hakupaza sauti, ila palikuwa kimya kiasi kwamba alisikika mpaka nje.

"Nani haji?"

Nilimtazama Agnes, na kila mtu akafuata macho yangu akamtazama Agnes, kwa hiyo hata la nani alidanganya nililitangaza mie bila kusema neno.

"Agnes," mama akasema, "si uliniambia Deo yuko uwanja wa ndege?"

Agnes alijifunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika. Mama akajaribu kusimama, miguu ikakataa, wanawake wakamdaka. Katekista akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa kuliko kawaida, naye Mzee Festo akaninyang'anya kipaza sauti, safari hii bila kunipa mkono.

Makaburini sikustahili kwenda, lakini kutokwenda ingekuwa mbaya zaidi, nikasimama nyuma kabisa. Jeneza likashushwa. Mzee Festo akainama achukue udongo kwa niaba ya Deo, mama akamzuia. Akasema, "Tungoje." Wakamwambia mama, mwenyewe umeshasikia, haji. Akasema amesikia, ila tungoje. Basi tukasimama juani watu wote wale, wachimba kaburi wameegemea sepetu, hakuna wa kuimba wala kuongea, tunamngoja mtu ambaye kila mmoja wetu anajua haji, na anajua kwa sababu yangu. Alipochoka akainama mwenyewe, akatupa udongo, akageuka akaondoka kabla kaburi halijajaa.

Nyumbani Mama Salma hakunigombeza. Aliniwekea chakula, akaniuliza kitu kimoja tu, "Ulikwenda kuzika au kutangaza?"

Nilidhani yameisha hapo. Kumbe kipande changu kimeshakatwa, kinatumwa huku na huko, na chini yake watu wasiomjua Mwalimu wala Deo wanabishana: huyu anasema rais wao yuko sawa, kila nchi ina sheria zake, mbona na sie tunawarudishaga wahamiaji kwao, yule anamtukana huyo wa kwanza, mwingine analeta vita vya nchi nyingine kabisa. Niliyasoma maoni yote. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yale ninayoyasemaga kila siku juu ya vichwa vya watu, ila sasa yanasemwa juu ya jeneza la jirani yangu.

Agnes alikuja siku chache baada ya maziko, hakuingia ndani, alisimama mlangoni. Aliniambia kaka yake ameihama nyumba yake siku ile ile ya maziko, yeye na mkewe, mtoto mgongoni, kazi ameacha, simu ameizima, hawajui alipo. Nikaanza kujieleza kwamba nilitaka kumtetea, kwamba kuna watu walikuwa wanamsema vibaya. Akaniacha nimalize.

"Kaka, ulitaka kumtetea au ulitaka kusikika?" akauliza, akaondoka zake.

Nikaizima televisheni. Nikaapa, na kiapo hicho nakirudia mbele yenu, kwamba kipaza sauti sitakishika tena, hata kwenye harusi ya binti yangu Salma mniache nikae nile pilau yangu kimya, na siri ya mtu nitakayopewa nitaichukulia kama wembe, haishikwi kwa kuchezea. Wateja wakalalamika saluni imepooza, nikawaambia mashine ya kunyolea haihitaji habari.

Halafu mchana mmoja akaingia Mama Deo. Nilikuwa sijamsogelea tangu makaburini, nilikuwa nabadili njia nikimwona kwa mbali. Nikamwamkia shikamoo mama, nikaanza kuomba radhi. Akaitikia marahaba, akanikatiza kwa mkono, akakaa kwenye benchi la wateja na kitenge chake cheusi.

"Washa hiyo," akasema, akiinyooshea televisheni kidole. "Wengine wote walinidanganya, wewe ndiye uliyeniambia."

Tangu hapo anakuja kila mchana. Hajui Kiingereza, kwa hiyo mie ndiye mkalimani wake. Deo bado hajapiga simu. Akiniuliza leo wamesema nini, namwambia leo hawajasema kitu, mama, wanazungumzia mambo ya kodi, hata kama mtangazaji anahesabu waliokamatwa jana. Namdanganya vilevile kama walivyomdanganya akina Agnes, na sasa ndiyo naelewa walibeba mzigo gani.

Juzi wakaonyesha ndege. Wanaume wamepangwa mstari, mikono imefungwa kiunoni, wanapandishwa ngazi mmoja mmoja, nyuso zimeinama. Sikuiwahi rimoti. Mama akasimama, akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole juu ya mmoja wao.

"Huyu wa nyuma, Balozi. Mbona anatembea kama Deo?"

Wateja wawili waliokuwepo walinitazama. Nikamwambia siye, mama, Deo ni mrefu kuliko huyo. Akakubali, akarudi kukaa. Na mie Deo sijawahi kumwona hata siku moja.