Mguu wa Kushoto wa Mjomba

Wewe unayenisikiliza, kunja goti lako kidogo, kisha peleka vidole viwili nyuma yake, pale penye bonde laini. Bonyeza taratibu. Usikate tamaa usipopata mara ya kwanza; mimi ilinichukua wiki nzima. Ukitulia utahisi kitu kinadunda kwa mbali. Huo ni mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Ubavuni mwake umelala mwingine ambao kidole hakiutambui, kwa sababu haudundi. Huo ndio unaorudisha damu juu. Ni mlaini kama mfuko wa nailoni wenye maji: ukiubonyeza unalala bapa, ukiuachia unajaa tena. Shika hilo tu, na mengine yote nitakayokueleza utayaelewa bila taabu.

Nilijifunza hayo Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika hospitali iliyokuwa pia chuo. Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwita laoshi, yaani mwalimu, kama wanafunzi wote wa huko wanavyowaita walimu wao. Mashine ya ultrasaundi yenye rangi ilikuwa moja, nayo ilikaa katika chumba chenye kiyoyozi ambamo hakuna aliyeingia na viatu. Mlangoni palipangwa kandambili za plastiki za rangi ya samawati. Unavua, unavaa hizo, ndipo unaingia.

Laoshi alitufundisha kwanza bila rangi. Ukiweka kifaa cha mkononi juu ya paja, skrini inaonyesha viduara viwili vyeusi, kwa sababu damu kwenye picha ile ni nyeusi. Unabonyeza. Kimoja kinabaki wazi, hicho ni cha mshipa wa kwanza. Cha pili kinafumba kama jicho. Kisipofumba, ndani yake kuna bonge la damu iliyoganda. Basi. Hata kipimo kinachotisha kwa jina lake huanza na kubonyeza na kutazama. Kisha ndipo unafungua rangi: nyekundu ni damu inayokifuata kifaa, buluu ni ile inayokikimbia, na pasipo na rangi hapana mwendo.

Sitakudanganya kwamba nilikwenda kule kwa kuipenda sayansi. Nilikuwa na mtu wangu wa kumjibu.

Mama alifanyiwa operesheni ya uvimbe wa kizazi, nyumbani Tanga, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha nne. Siku ya kuruhusiwa, nesi alinivuta kando akaniambia kwamba mguu mmoja ukivimba tusiuchue, maana anaweza kufa, tumrudishe hospitali. Wiki ya pili mguu wa kushoto ukavimba. Mwenye kauli nyumbani alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama. Alisema ni baridi imeingia mshipani, akamwita mchuaji na chupa yake ya mafuta ya nyonyo. Nikayasema maneno ya nesi: mama akichuliwa anaweza kufa.

Mjomba hakupandisha sauti.

"Kinywa chako kina uchuro," alisema. "Kaa nje."

Nilikaa nje, mgongo wangu ukiwa umeegemea ukuta wa chumba cha mama. Nilimsikia mchuaji akiomba kitambaa. Nilimsikia mama akikohoa mara mbili, kisha akasema, "Nipeni hewa." Hakusema kingine.

Matangani mjomba aliwaeleza watu kwamba dada yake alikuwa anaendelea vizuri mpaka mwanawe mwenyewe alipomtabiria kifo. Waliamini. Kwetu neno baya likitamkwa mbele ya mgonjwa huhesabiwa kuwa ndilo lililokiita kifo. Tangu siku ile sikuingizwa tena chumba cha mgonjwa wala cha mzazi. Binamu yangu alipojifungua nilipewa kazi ya kukoroga uji, lakini bakuli likapelekwa ndani na mtu mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa nimefiwa na mama mimi, si wao.

Kwa hiyo nafasi ya masomo ilipopatikana, nilijua nataka kupima nini. Kila nilipobonyeza paja la mgonjwa wa Kichina nilikuwa nazungumza na mjomba kichwani. Katika mazungumzo hayo alikuwa hana jibu, na mimi sikuwa na haraka ya kumaliza.

Mwaka wangu wa tatu, akaja mwenyewe.

Alikuwa ameanza biashara ya mikoba. Alisafiri kwa ndege mbili, akakaa kitini siku nzima na zaidi, kisha akapanda basi moja kwa moja hadi Shiling kwenye viwanda vya ngozi na kurudi. Alipanga nyumba ya wageni Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wachache wa Kiafrika walikuwa wameanza kuuzoea. Kichina hakukijua hata neno la kuombea maji, ndipo akanikumbuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia unasomea kupiga picha matumbo ya wajawazito."

"Na miguu pia, mjomba."

Alicheka, akaniambia basi Mungu mkubwa, maana mimba hana ila mguu anao. Akapandisha suruali. Mguu wa kulia ulikuwa ule niliouzoea, mkavu. Wa kushoto ulijaa kuanzia kifundoni mpaka juu ya goti, ngozi inang'aa. Alisimulia kwamba amekwishakwenda mara mbili kwenye duka la kuchua miguu lililo jirani, wanakomwita laoban, bosi, na kumpa chai. Jioni hiyo alikuwa anarudi tena.

"Leo nitawaonyesha kwa mikono wapande mpaka pajani," alisema. "Watu hawa wanajua kuchua kuliko sisi."

Nilinyamaza.

Nataka uelewe vizuri kunyamaza kule, maana ndiko kunakonifanya niandike. Sikuhitaji kutenda lolote. Ningemwambia nafuu njema, mjomba, nikapanda basi langu kurudi bwenini. Angekwenda dukani kwao, wangemchua mpaka pajani, na wala pasingepatikana mtu wa kusema kwamba nilimtabiria. Safari hii kinywa changu kingekuwa safi kabisa. Nilimtazama akijipapasa ule mguu, na nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata tena.

Kilichonitoa kwenye raha ile hakikuwa huruma. Nilikumbuka tu kwamba aliyekufa hajui kitu. Angekufa akiamini kwamba mama aliuawa na mdomo wangu. Mimi nilitaka ajue.

"Mjomba," nikasema, "ukichuliwa leo unaweza kufa."

Yalikuwa maneno yaleyale, na aliyatambua. Aliishusha suruali polepole. Hakuniambia nikae nje.

Kwenye mlango wa chumba cha mashine kandambili haikumwingia mguu wa kushoto. Alijaribu mara tatu kama mtoto, laoshi akimsubiri, mwishowe laoshi mwenyewe akainama na kuufunga mguu kwa mfuko wa plastiki. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa wangu na lugha ilikuwa yangu, alinipa kifaa mimi, akasimama begani pangu.

Nilianza nyuma ya goti. Viduara viwili. Nikabonyeza: kimoja wazi, cha pili nacho wazi, kimejaa kitu cha kijivu. Nikapanda pajani, kijivu kikapanda nami. Nikafungua rangi. Mshipa wa kwanza uliwaka mwekundu kwa kila pigo la moyo. Wa pili ulikuwa kimya, isipokuwa utepe mwembamba wa buluu ukingoni. Karibu na kinena bonge likaishia, na ncha yake haikuwa imeshikamana na ukuta. Ilikuwa inachezacheza ndani ya damu kama mkia wa samaki.

"Nyanyua mkono," laoshi alisema kwa sauti ndogo. "Hapo hatubonyezi."

Nilinyanyua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nakiona kwa macho yangu kitu kilichomuua mama, na kilikuwa ndani ya mguu wa aliyempisha mchuaji mlangoni.

Mjomba alilazwa siku ileile. Alipewa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, baadaye vidonge, na hakuruhusiwa kupanda ndege. Wiki saba alikaa Guangzhou mikoba yake ikimsubiri, na kila wiki alirudishwa kwangu nimpime, tuone bonge linasinyaa au linapanda. Alinijia akiwa na kijitabu chake cha matibabu kwapani, maana kule mgonjwa hutunza kijitabu chake mwenyewe. Sikukosa kumwamkia hata siku moja. Nilimpashia moto kwa viganja vyangu jeli inayopakwa ngozini kabla ya kipimo. Kisha nilimgeuzia skrini.

Mimi ni mwalimu kwa tabia, na mwalimu hafurahii kusema peke yake. Wiki ya kwanza nilimweleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe, kwa upole, mpaka aliposema ameelewa. Wiki ya pili nikamwambia, "Sasa nieleze wewe." Alipokosea nilimsahihisha na kumtia moyo. Laoshi hakujua Kiswahili. Alinisifu kwa jinsi ninavyowajali wagonjwa.

Wiki ya tano bonge lilikuwa limepungua nusu, na buluu imepata njia katikati. Nilimwonyesha. Kisha nikaendelea na somo.

"Mshipa wenye bonge ukichuliwa?"

"Linang'oka."

"Linakwenda wapi?"

"Juu. Kwenye moyo, halafu mapafuni."

"Na mtu?"

"Anakufa."

"Vizuri sana, mjomba. Kabla ya kufa anasema nini?"

Mashine ilikuwa inavuma. Laoshi alikuwa mezani, anaandika.

"Anaomba hewa," alisema, akageuzia uso ukutani.

Nilimfuta jeli. Nilimfuta vizuri, mpaka kati ya vidole vya miguu ambako haikufika. Kisha nikamwambia ninachotaka: akifika nyumbani, siku ya hitima ya kila mwaka ya mama, asimame mbele ya watu waliokuwa matangani aseme kilichomuua dada yake, na aseme kwamba mimi nilimkataza. Alikubali. Nilimtaka aape, akaapa. Wiki ya saba kandambili ilimwingia, akarudi Tanga na mikoba yake.

Mama mdogo ndiye aliyenieleza ilivyokuwa. Mjomba alisimama kweli siku ya hitima. Alisimulia Uchina, mashine yenye rangi, na bonge lenye mkia. Alieleza kwa ufasaha, maana nilikuwa nimemfundisha vizuri. Aliwaonya watu wasichue miguu iliyovimba, wakamshukuru, na mpaka leo mtaani anaulizwa yeye kabla ya daktari. Juu ya mama hakusema neno. Juu yangu alisema kwamba Wachina walimtibu na mpwa wake alikuwepo kutafsiri.

Mwaka uliopita nilikwenda nyumbani kumwona mtoto mchanga. Nilipewa kiti cha ukumbini, na chai. Mlango wa mzazi ulirudishwa taratibu.

Mjomba, miguu yako yote miwili ni mizima na macho yako yanasoma bado, kwa hiyo haya utayasoma. Sikukutaja jina. Watakaouliza ni nani, watakuja kwako, kwa sababu ndiwe uliyewasimulia mkia wa bonge. Safari hii malizia.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ukivimba mguu mmoja, hasa baada ya safari ndefu au baada ya operesheni, usiuchue na usimruhusu mtu auchue. Nenda hospitali siku hiyohiyo, uombe mshipa wa mguu upimwe kwa ultrasaundi.