Dokta Aliposema Sumu

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi, hospitalini Goma, chefu aliyesimamia salle, wodi ya wanawake, mtawa tuliyemwita Masela, hakunionyesha dawa yoyote. Alinipeleka kwa mgonjwa mwenye homa. "Shika mguu," akasema. Uso ulikuwa unawaka, mguu baridi. "Damu inaacha miguu inakimbilia moyo. Ukikuta hivi, usiende kunywa chai. Ita dokta." Masela alikuwa mkali, na alitufundisha vizuri.

Nilitumwa Rumangabo, kisha nikarudishwa Goma kuwa chefu wa wauguzi. Ndipo Korona ikaja. Wagonjwa waliozidiwa tuliwalaza kifudifudi ili mapafu yapate hewa, tukawapa oksijeni. Wengine, mapafu yakiwa yamechoka hivyo, mikrobe nyingine, vijidudu vya ugonjwa, ziliingia katika damu. Mwili unapigana nazo mpaka unajiumiza wenyewe: tansio, presha ya damu, inashuka, mkojo unapungua, akili inapotea. Kwa Kifaransa ni septisemi. Kwa Kiswahili kila mtu alijitafutia jina.

Muzee mmoja wa Katoyi, mtaa wa hapa Goma, mfugaji wa zamani kule Masisi, alipatwa na hiyo. Mke wake wa pili, Mama Furaha, alileta uji getini kila asubuhi. Watoto wa mke wa kwanza hawakumpenda, wala hawakuficha. Dokta wetu, kijana wa Kinshasa mwenye Kiswahili cha kuokoteza, akatoka uani kuwaeleza: "Muzee iko na sumu katika damu."

Yesu wangu! Kwetu sumu si ugonjwa. Sumu ina mtu aliyeiweka. Wote waligeuka wakamtazama Mama Furaha, termosi ya uji mkononi.

"Tunamutosha, atoke humu," mtoto mkubwa akasema. "Tunamupeleka kwa mutu wa dawa ya kutapisha."

Nikaziba mlango wa salle. "Ukimutosha kwa oksijeni, papa, utafika barabarani na maiti. Hakuna mutu amemupa kitu. Ni mikrobe."

"Si dokta mwenyewe amesema?"

"Dokta amekosa Kiswahili, hakukosa dawa!"

Dokta alirudia maelezo kwa Kifaransa, nami nikitafsiri. Tukaendelea na antibiotiki, serumu ya kutia mshipani na dawa ya kupandisha tansio. Yule mtoto nilimvalisha maski, nikawa ninamwingiza kila siku ashike mguu wa baba yake. Ulipoanza kupata joto, alilia, akakubali ni mikrobe.

Lakini neno sumu lilikwishafika Katoyi. Wadogo wa mtoto huyo walikuwa wamemtupia Mama Furaha vitu nje, naye akakimbilia kwa kaka zake Rutshuru. Nilikasirika sana, na hasira hiyo bado ninayo.

Siku ya kutoka, muzee aliuliza, "Mama Furaha iko wapi?"

Mtoto mkubwa, viatu vya baba yake mkononi, akasema: "Papa, tulimufukuza."

Muzee akarudisha miguu kitandani. "Basi mumurudishe. Namungojea hapa."

Wakampigia simu kwa spika. Mama Furaha aliwashukuru kwa habari ya kupona, akasema harudi: watu waliomwita muuaji hatawapikia tena. Muzee alisikia yote. Hakungoja tena; akaomba viatu.

Sasa niko pansio, nimestaafu. Wauguzi vijana hunitembelea kuuliza dawa gani ianze, serumu kiasi gani. Ninawajibu. Halafu ninawaambia: mkimaliza kueleza ugonjwa, msiondoke haraka. Ngojeni kwanza muone familia inamtazama nani.