Nafasi ya Mzee Guyo

Alhamisi nikisahihisha mitihani hapa Nakuru, Akko Kabale alinipigia simu. Akko kwa Kiborana ni nyanya, na ingawa mimi ni Mmeru, yeye ndiye aliyenilea mama akiwa sokoni. "Makena, Jumapili Kivumbi inacheza na Radi. Mstari yetu imekuwa fupi. Kuja usimame." Akakata. Akko si mtu wa kubembeleza.

Uwanja wa mtaa wetu Isiolo hauna viti wala paa. Upande mmoja una migunga na kivuli. Ule mwingine unapigwa na jua la jioni usoni mpaka mechi iishe. Kwa hivyo kabla ya mpira kuanza, mashabiki wa kila timu hujipanga mikono ikiwa imenyooshwa, vidole viguse vidole, kutoka kona moja hadi nyingine. Mstari ukikatika, mnahamia juani. Kivumbi tumekuwa na kile kivuli tangu nikiwa mdogo. Na sasa Akko ana macho mabaya. Jua likimpiga haoni kitu.

Jumamosi asubuhi nilipata lifti Nyahururu kwenye lori la viazi. Dereva, Mureithi, alikuwa shabiki sugu wa Radi, na alinicheka tangu tulipoondoka mpaka Nanyuki.

"Dada, safari yote hii ukakae kwa jua? Sisi tuna spika, tuna jezi za bure. Vijana wenu wote wamekuja kwetu."

"Na wazee wao?"

"Hao tumewaachia nyinyi."

Baada ya Timau barabara inateremka na joto linakupokea kabla hujauona mji. Nilivua sweta, nikanusa vumbi lile, na aki nililia. Mureithi akapunguza redio.

Isiolo nilimkuta Akko mlangoni, shuka kichwani, uso umeinuliwa kunisikiliza nikija.

"Salaam aleikum, akko."

"Waaleikum salaam. Umekonda. Huko hakuna maziwa?"

Usiku ule tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia akanihesabia waliotoka: huyu yuko Nairobi, yule anatazama mpira wa Ulaya kwa televisheni ya hoteli, yule amevaa jezi ya Radi. Mwisho akafika kwa Mzee Guyo, mume wake, ambaye alizikwa wakati wa kiangazi. Miaka yote walisimama pamoja katikati ya mstari, mkono wa mmoja ndani ya mkono wa mwenzake.

Jumapili alasiri spika za Radi zilitingisha mtaa mzima. Mstari wao ulifika kona hadi kona na watu wakabaki. Sisi tukajipanga, tukajivuta, mikono ikauma. Wallahi tulifika! Kona hii mpaka kona ile. Ila katikati, kando ya Akko, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Zamani tulikuwa safu mbili, pengo halingeonekana.

Mimi peke yangu nilikuwa sijapata mahali. Kapteni wa mashabiki wetu akapiga kelele, "Makena, ingia hapo, haraka!"

Nilipiga hatua. Akko akanisikia.

"Hapo hapana. Hapo ni ya Guyo. Enda mwisho."

"Akko, si uliniita nije nisimame?"

"Nilikuita mstari. Sikukuita hapo."

Nilimwangalia kapteni, kapteni akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyesogea, hakuna aliyemlaumu. Nikaenda mwisho, nikapita kibendera cha kona, nikasimama mahali ambapo sikumsaidia mtu yeyote. Refa akatembea akikagua mstari wetu, akafika kwenye pengo, akainua kofia kidogo, halafu akatuonyesha upande wa jua. Radi hawakushangilia. Mtu wao alizima spika.

Tulihama na mikeka yetu. Akko akafunika macho kwa shuka, akanishika kiganja, nikamtangazia mechi nzima. Dakika za mwisho watu wetu waliruka.

"Nani amefunga?"

"Sisi, akko! Sisi!"

Akacheka, machozi yakimtoka. Alisema ni jua.

Jumatatu asubuhi Mureithi alikuja kunichukua, lori likiwa tupu. Hakunitania. Akko alinisindikiza hadi kwenye geti, akinishika mkono.

Barabarani nilifikiria yale niliyojifunza. Nilikuwa nimedhani tunagombania kivuli, na kwamba mtu akiondoka nyumbani watu hujisogeza na mahali pake panazibika. Sasa najua kwa nini nilipopita Timau nililia: niliogopa kwamba pangu pamezibika. Ila pale getini nilikuwa nimemuuliza, "Akko, mechi ijayo sitakuwepo. Mtu mwingine asimame kwa nafasi yangu?"

"Yako naacha pia."

"Lakini tutakosa kivuli tena."

"Basi tukae kwa jua," akasema, na hakuuachilia mkono wangu mpaka Mureithi alipopiga honi.