Kombinezoni Moja kwa Shingo Tatu

"Mama Injinia, mayi ya hapa haina baridi. Sasa juu ya nini munatuletea nguo ya baridi?"

Niliulizwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini, na mzamiaji aliyeitwa Kalenga, mbele ya kontena lililotumika kama magazini, yaani ghala, kando ya shimo la zamani la shaba. Nilikuwa na diploma ya kemia kutoka chuo kikuu cha Kasapa na koti jeupe ambalo halikuwa limechafuka bado. Nilimwambia ni utaratibu wa usalama, na yeye akaitikia kwa heshima, kama mtu anavyoitikia tangazo la redio.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza masomo sasa na kuniuliza kazi ile ilikuwaje. Nina miaka thelathini na minne na nimeshastaafu kazi ile. Chekeni mkitaka. Niliifanya kwa miaka mitano, na niliyoyaona yananitosha.

Shimo lile lilikuwa limeachwa muda mrefu hadi likajaa maji. Kampuni ilitaka kuyatoa ili ichimbe tena. Pampu zilikaa juu ya maboya, kila moja na bomba lake lililoshuka mita kumi na mbili, na mwisho wa bomba palikuwa na krepini, yaani kichungi cha chuma kinachozuia mawe na matope. Krepini ikiziba, pampu inanyonya hewa na kuungua. Kwa hiyo mtu alishuka kuisugua kwa brashi ya waya. Maji yenyewe yalikuwa ya kijani kizuri, kizuri mno. Ukitumbukiza msumari asubuhi, mchana unautoa umevaa ngozi ya shaba. Yalikuwa na asidi, na asidi haimchagui mtu wala msumari.

Wazamiaji walikuwa watatu. Shefu wa timu alikuwa Papa Numbi, mtu mzima mwenye mabega mapana, mtoto wa familia ya reli kutoka kaskazini ya Katanga, anayekwenda misa kila Jumapili. Wa pili alikuwa Mwape, msemaji sana. Wa tatu Kalenga, mwembamba, aliyejifunza kuogelea upande wa mto Luapula kabla ya kuhamia Kasomeno na baadaye mjini Lubumbashi. Papa Numbi ndiye aliyemwingiza kazini. Wote walishuka na nguo za neoprini, mpira laini wenye mapovu madogo ya hewa ndani. Nguo hiyo huruhusu maji kuingia, kisha mwili huyapasha joto. Katika ziwa safi ni sawa. Kwetu ilikuwa kama kujifunga bendeji iliyolowekwa kwenye asidi.

Wiki ya pili Kalenga alinionyesha mgongo wake. Kutoka shingoni hadi kiunoni ngozi ilikuwa imebanduka vipande vipande, kama ukuta unaoachia rangi.

"Mutoto yangu anaogopa kunishika," alisema. Kisha akacheka ili nisione aibu. "Anasema papa yake iko sawa samaki ya kukausha."

Siku hiyo nikaelewa swali lake: neoprini ni nguo ya baridi kweli, na aliyohitaji ni nyingine. Nguo kavu, ile tuliyoiita kombinezoni, haikuwa ya kuzuia baridi. Ilikuwa ya kuzuia maji yenyewe yasimguse mtu. Nikamwahidi kwamba nitamtafutia moja, na kwamba mtoto wake atamshika.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Shefu wa Magazini. Alinifundisha mengi: kwamba mpira hupakwa poda ya talka usigandane, kwamba zipu ya nguo kavu hupakwa nta na haikunjwi kamwe, kwamba panya hupenda harufu ya gundi. Lakini hakupenda maswali. Nilimuuliza kwa nini bomba halivutwi juu kwa mashine ili krepini isafishwe nchi kavu, pasipo mtu kushuka.

"Juu ya winchi hatuna," alijibu, "na bantu tuko nabo." Watu, kweli, tulikuwa nao.

"Na kwa nini hatuombi winchi?"

"Mademuazeli, hapa hatuulize 'juu ya nini'. Hapa tunauliza 'ngapi'."

Nilimdharau kwa jibu hilo. Baada ya mwaka mmoja nikahamishiwa ofisi ya manunuzi mjini, mtaa wa Kampemba, chini ya Mkurugenzi wa Manunuzi, mtu mpole aliyepiga pasi hata soksi. Huko ndiko nilikochagua nguo.

Nitawaeleza jinsi ya kuchagua, maana ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri. Nguo kavu ni za aina tatu. Iko ya neoprini nzito, inayotoshea mwili, lakini hunyonya maji machafu na hayatoki tena. Iko ya kitambaa cha tabaka tatu, nyepesi, hukauka haraka, ila mishono yake ni mingi na asidi hupenda mishono. Na iko ya mpira mzito uliopikwa, ndugu wa tairi. Hiyo haishiki kitu. Unaimwagia maji safi na sabuni, inakuwa mpya. Ni nzito, na kwa jua la Lubumbashi anayeivaa hutoka jasho kabla hajagusa maji. Lakini kwa shimo letu ilikuwa hiyo tu. Vitabu vyote vilikubaliana nami, au mimi nilikubaliana navyo.

Mkurugenzi alisoma ripoti yangu ya kurasa kumi na moja. Alikuja kwenye meza yangu mwenyewe.

"Wakubwa wameruhusu hivi: moja ya mpira, ao tatu za kitambaa. Unachagua gani?"

"Ya mpira. Za kitambaa zitavuja ndani ya mwaka."

"Lakini bantu iko batatu."

"Wanashuka mmoja mmoja, Shefu."

Aliusoma tena ukurasa wa mwisho. Kisha akatia sahihi. Nilifurahi. Nilidhani nimemshinda.

Nguo ilipofika niliipeleka shimoni mwenyewe. Tuliifungua juu ya turubai. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, imeunganishwa na buti zake, na Mwape akaizunguka mara mbili.

"Hii njo nguo ya kuzikiwa mukubwa," alisema.

"Weye utazikwa na gunia," Papa Numbi akamjibu.

Sasa sikilizeni kuhusu kola. Shingoni mwa nguo kavu kuna kola ya mpira mwembamba, umbo la faneli, inayobana ngozi maji yasipite. Hutoka kiwandani ikiwa ndogo. Anayeivaa huikata kwa mkasi, pete nyembamba moja moja, hadi itoshee shingo yake. Ikibana mno, damu haiendi kichwani na mtu huzimia. Ikilegea, maji huingia. Na ukishakata, umekata.

Nani alianza kuivaa? Kwetu hilo si swali. Mkubwa wa umri alianza. Papa Numbi aliingia ndani ya nguo, tukamfungia zipu, na uso wake ukamvimba hadi masikioni.

"Kata, mutoto yangu," aliniambia. "Inaniua."

Nilikata pete moja. Bado. Nikakata ya pili, ya tatu, ya nne. Mkono wangu ndio ulioshika mkasi. Nilikuwa nimebishana na maprofesa, nilikuwa nimemuuliza padri maswali hadi akanikwepa barabarani, lakini sikumwambia mzee yule: subiri, tupime kwanza shingo ndogo kuliko zote. Ingekuwa kumwambia mbele ya watu kwamba nguo si yake. Mwape na Kalenga walitazama mkasi tu.

Mwape ilimtosha. Kwa Kalenga kola ilikaa wazi. Niliweza kuingiza kidole.

"Shingo ya kuku!" Mwape alicheka. "Kula bukari, ndugu, shingo inene!"

"Nitakula," Kalenga alisema. "Acha tu, Mama Injinia. Iko muzuri. Iko muzuri kupita ile ya zamani."

Na ilikuwa kweli. Mgongo wake ulianza kupona. Maji kidogo yaliyopita shingoni yalimchoma kifuani tu. Nilirudi Kampemba nikiwa na amani. Niliandika ripoti kwamba nguo inafanya kazi. Kwa simu Kalenga aliniambia mtoto sasa analala begani kwake. Hakuniambia zaidi, na sikuuliza. Mimi, niliyeuliza kila kitu.

Kitu asichoniambia ni kwamba maji yalizidi kuingia kadiri mpira ulivyochoka, na kwamba alikuwa amekata ukanda kutoka mpira wa ndani wa baiskeli akawa anaufunga juu ya kola, mara mbili, kabla ya kushuka. Mwape alijua. Alidhani ni ujanja mzuri.

Siku ile nilikuwa shimoni kuhesabu vichungi. Kalenga alishuka saa nne asubuhi, mtungi wa hewa mgongoni. Papa Numbi alishika kamba ya ishara: mvuto mmoja, niko salama, miwili, nivute. Baada ya dakika chache Papa Numbi alivuta mvuto mmoja kumuuliza. Kamba haikujibu. Akavuta tena. Kisha akaivuta kwa nguvu zake zote na haikuja. Ilikuwa imenasa kwenye krepini.

"Amelala," alisema. Hakupiga kelele. "Kalenga amelala kule chini."

Katika kila timu ya uzamiaji lazima awepo wa pili, aliyevaa tayari, wa kumfuata wa kwanza. Hilo limo katika ukurasa wa kwanza wa kila kitabu nilichosoma. Mwape alikuwa wa pili. Lakini nguo ilikuwa moja, na ilikuwa chini, imemvaa Kalenga. Za zamani tulikuwa tumezichoma, kwa pendekezo langu.

Mwape aliingia na suruali. Suruali, barakoa ya kuogelea na pumzi yake; mtungi wa hewa nao ulikuwa chini. Alipanda bila kitu, akashuka tena, akapanda, akashuka. Mara ya tatu alikuwa na kisu, akakata kamba, akaja naye. Macho ya Mwape yalikuwa yamefumba na hakuweza kuyafungua. Nilipofungua ukanda ule wa baiskeli shingoni mwa Kalenga, ulikuwa umeacha alama mbili, sawasawa, kama zilizochorwa na rula.

Alikuwa anapumua tulipomlaza kwenye gari. Tulipofika kwenye lami hakuwa anapumua tena.

Wiki iliyofuata kampuni ilileta winchi. Walivuta bomba, krepini ikatoka juu, kijana mmoja akaisafisha kwa mpira wa maji wa bustani. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hizi.

Mkurugenzi wa Manunuzi aliniita. Nilitegemea anilaumu, nilitaka anilaumu. Alisema tu, "Ripoti yako ilikuwa sahihi. Nguo haikuvuja fasi yoyote." Nikaandika barua ya kuacha kazi papo hapo, kwenye meza yake, kwa kalamu yake.

Mwape anaona ukungu hadi leo. Anauza vocha za simu karibu na soko na hunitambua kwa sauti. Mke wa Kalenga alirudi Kasomeno na mtoto. Mimi nafundisha kemia sekondari, na ninapofika sura ya asidi huwapa wanafunzi waisome wenyewe.

Mnaniuliza nguo ipi ni nzuri. Sijui tena. Naweza kuwaambia mpira upi unastahimili nini, lakini nilipokuwa najua hayo yote mtu alikufa akiwa amevaa nguo bora kuliko zote katika mkoa mzima. Mnataka niseme kwamba maarifa yanaokoa. Nimejaribu kuliandika hilo mara kadhaa na nikalifuta.

Kwa miaka mingi, hasira iliyobaki niliiweka kwa Papa Numbi. Alisimama na kamba mkononi. Mwape alikuwa anaungua macho, na mzee yule, mzamiaji kuliko wote, hakutia hata mguu. Nilimwita mwoga moyoni kila nilipopita karibu na kanisa lake.

Mwaka jana alifariki. Nilikwenda kilioni bila kutaka, nikaketi na wanawake. Binti yake ni muuguzi. Alinishukuru kwa kuja, akaanza kunisimulia ugonjwa wa baba yake, na katikati ya maneno akasema kwamba masikio ndiyo yaliyomtesa zaidi, tangu zamani, tangu akiwa bado kazini.

"Ngoma za masikio zilipasuka zote mbili. Daktari alimukataza mayi kabisa, hata ya kuoga aweke pamba. Alituapisha tusiseme, wasimufukuze. Alikuwa anashika kamba tu."

Nikamuuliza ilikuwa lini.

Alihesabu kwa vidole, kwa uangalifu wa watu wa hospitali. Ilikuwa miezi minne kabla ya nguo kufika, na mkasi wangu kukata kola kwa kipimo cha shingo yake.