Mstari Uliopandishwa

Barua ilirudi kwa mara ya tatu bila kufunguliwa, na Lo Hing-cheuk akaitazama ile bahasha kwa chuki. Mwandiko ulikuwa wake. Maneno yalikuwa ya Bwana Hartnoll, balozi mdogo wa Uingereza pale Kantoni: "Kwa wakubwa wa mahali." Neno "serikali" hakulitaka hata kwa dawa. Kwake serikali ya China ilikuwa Pekini, basi, ingawa Pekini haikuwa na amri hata juu ya mbwa mmoja wa Kantoni. Na wale wa Kantoni nao walijiita serikali, na barua isiyowapa heshima hiyo hawakuigusa.

Aliyeumia kwa ubishi huo wa kipuuzi ni Hing-man, mdogo wake Lo, mchochea makaa wa meli ya Kiingereza iliyokamatwa na askari wa hao wa Kantoni, watu wa kusini, kwa tuhuma za kubeba bunduki. Siku ya kumi na tisa sasa yuko ndani, ana homa, watu thelathini chumba kimoja. Nahodha, kwa kuwa ni Mwingereza, aliachiwa siku ya pili.

"Bwana, ni neno moja tu," Lo alisema.

"Neno hilo, Bwana Lo, ni la London kulitoa."

Miaka ishirini na miwili Lo alikuwa akiwaandikia watu hawa barua zao za Kichina, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kushika brashi ya kuandikia. Alitoka amefura.

Mke wa Hing-man alikuwa akimsubiri darajani, maana kuingia kisiwa cha ubalozi Mchina alihitaji kibali.

"Shemeji, si wewe ndiye mkono wa Waingereza?" alimdhihaki. "Mkono gani huo usioweza kumtoa ndugu yako? Ukateni basi, mpike supu!"

"Nimesikia."

"Kusikia umesikia tangu mwezi uliopita!"

Asubuhi yake Lo akaandika barua ya nne. Maneno hakubadilisha hata moja. Ila alipofika kwenye "wakubwa wa mahali" aliuacha ule mstari wa wima haujajaa, akaanza mwingine, akayaweka maneno hayo juu kabisa, yakachomoza kuipita mistari yote, kama Wachina wanavyoliandika jina la serikali kwa heshima. Kwenye bahasha nako akafanya vivyo hivyo. Hartnoll akatia sahihi bila kuona kitu.

Jibu lilikuja Jumanne: mabaharia wangeachiwa Alhamisi. Jumatano gazeti la kusini likachapa picha ya barua, na juu yake maneno makubwa, kwamba hatimaye Waingereza wameinama.

Hartnoll aliingia amekuwa mwekundu. "Umetambua serikali, wewe!"

"Mimi? Nimeruka mstari tu, bwana."

"Andika sasa hivi kwamba karani alikosea."

"Kesho jioni, bwana. Ndugu yangu atoke kwanza."

"Sasa hivi, au huna kazi hapa."

Hasira zilimpanda Lo mpaka masikio yakawaka. Aliosha brashi yake, akaikausha kwa leso, akaitia mfukoni.

"Basi andika mwenyewe," akasema, akavuka daraja. Karani mwingine ingebidi atoke Hong Kong, na hangefika kabla ya Ijumaa.

Alhamisi Hing-man alitolewa amebebwa, mifupa mitupu, hamtambui hata mkewe. Afisa kijana wa kusini, buti zake zinang'aa, akampa Lo karatasi aandike shukrani kwa serikali. Siku ishirini na tatu hao nao walimwacha mtu aoze kwa ajili ya neno. Lo akatoa brashi, akaandika upesi, mstari mmoja, toka juu mpaka chini.

Afisa akasoma, akakunja uso. "Mzee, umesahau kupandisha jina letu."

Lo alikuwa ameshachuchumaa, anamweka ndugu yake mgongoni.

"Sikusahau," akasema.